Nilivyomtafuta Jirani Yetu wa Mtoni Mjini Hamburg

Tiketi rahisi ndiyo iliyonipitisha Hamburg. Nilikuwa nimemaliza wiki sita za mafunzo ya ualimu mjini Aarhus, Denmark, na nilipotafuta njia ya kurudi Unguja nikaona ndege inayoanzia Hamburg ina nafuu kubwa kuliko ile ya Copenhagen, hata nikijumlisha na nauli ya treni. Treni ingenifikisha Jumamosi usiku. Ndege ilikuwa Jumapili saa tatu na nusu usiku. Katikati palibaki siku nzima, nami mjini humo sikuwa na mwenyeji wala shughuli.

Wenzangu wa kozi, waliowahi kupita huko, walinipa orodha ya mambo ya kutazama. Yalifika kumi na mawili: bandari, ukumbi mpya wa muziki, handaki la zamani linalopita chini ya mto, Jumba la Mji, makumbusho ya treni ndogo ndogo, na mengineyo. Niliyaandika yote daftarini. Chini kabisa nikaongeza langu moja, neno ambalo hakuna aliyelitaja: Ohlsdorf.

Ohlsdorf ni makaburi. Yalifunguliwa mwaka 1877, na ukubwa wake ni hekta 389. Humo ndimo alimozikwa Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani wa Unguja, ambaye kule walimjua kwa jina la Emily Ruete.

Mimi ni mtu wa Bububu. Miaka yote ya skuli nilipanda gari la 502 kwenda mjini asubuhi na kurudi jioni, na kila mara gari lilipita Mtoni, penye matangi ya mafuta na zile kuta za jumba la Sayyid Said upande wa bahari. Hapo ndipo Salme alipozaliwa tarehe 30 Agosti 1844. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kuingia magofuni kwa hofu ya kuta kuanguka, na siku moja nilichapwa kwa sababu ya kuingia. Basi kwangu mimi jina hilo lilikuwa la mtu wa mtaa kabla halijawa la kitabu cha historia. Mama yangu mpaka leo humtaja hivyo: yule jirani yetu aliyekwenda Ulaya asirudi.

Nyumbani kwetu kuna na habari nyingine. Bibi mzaa mama alikuwa akisema kwamba wazee wake waliletwa kutoka bara, upande wa Ziwa Nyasa, kuja kulima mikarafuu ya watu. Alikuwa haongezi neno. Ukimuuliza zaidi hukwambia, "Basi, mjukuu wangu, wewe angalia mwanga wa mbele." Kwa hivyo jirani huyu tunaye, lakini ujirani wenyewe una mambo yake, na nilikuwa nikiyajua hayo kabla sijapanda treni.

Safari ilikuwa nyepesi. Mpakani, upande wa Flensburg, askari wa Kijerumani waliingia behewani wakatazama pasipoti za watu. Viza yangu nilipewa kwa ajili ya Denmark, lakini ni ya Schengen, inayofaa kwa nchi nyingi za Ulaya, na ilitosha. Naliandika hili kwa wale watakaopita njia hiyo: hesabuni tarehe vizuri, maana siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa. Mimi nilikuwa nimebakiwa na siku mbili tu katika zile nilizopewa. Treni ingekwama usiku kucha, au ndege ikaahirishwa mara mbili, ningejikuta matatani.

Nililala nyumba ya wageni ya bei ya chini karibu na stesheni kuu. Kijana wa mapokezi aliniambia kwa Kiingereza kwamba kifungua kinywa kinaisha "nusu kumi". Mimi Kiingereza nilichosomeshwa ni cha Waingereza, na kwao maneno hayo ni nusu saa baada ya kumi yao, yaani saa nne na nusu yetu. Nikashuka saa nne kamili kwa raha zangu, nikakuta meza zinafutwa. Kijerumani hakihesabu hivyo. Mjerumani akisema nusu kumi, anakusudia nusu ya kuiendea kumi, kwa hivyo ilikuwa saa tatu na nusu. Anapozungumza Kiingereza hubeba hesabu hiyo hiyo. Yule kijana hakukosea, wala mimi sikukosea, na chai niliikosa. Tangu siku hiyo, mtu akinitajia saa namuomba aniandikie.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, katikati ya Oktoba. Nilikuwa nimeweka fedha kidogo za zawadi, nikidhani nitapita madukani. Ujerumani Jumapili maduka hufungwa, kwa sheria. Mtaa mzima wa maduka, Mönckebergstraße, ulikuwa na watu wanaotembea tu wakitazama vioo. Yaliyo wazi ni yale ya ndani ya stesheni, na huko ndiko nilikonunua chokoleti za watoto wa ndugu yangu baadaye, mbio mbio.

Nililiweka begi langu katika kabati la kukodi hapo stesheni, nikanunua tiketi ya siku nzima. Haikufika euro 10, na inafaa kwa treni za mjini, mabasi, hata boti za abiria za mtoni. Stesheni zao hazina geti wala mtu wa kukukatia tiketi, unaingia tu. Mgeni anaweza kudhani ni bure. Si bure: wakaguzi huingia behewani wamevaa nguo za kawaida kama abiria wengine, na asiye na tiketi hulipa euro 60. Niliwaona siku ile ile wakimshika kijana mmoja, na aibu iliyompata ilinitosha na mimi.

Nikaanza kwa miguu. Jambo la kwanza lililonisimamisha halikuwa hata kwenye orodha. Ni mnara mweusi wa kanisa la Mtakatifu Nikolai, mita 147, uliokuwa jengo refu kuliko yote duniani kuanzia 1874 hadi 1876. Mnara upo, kanisa halipo. Julai 1943 ndege za Uingereza na Marekani ziliushambulia mji huu kwa mabomu siku nyingi, mitaa ikawaka moto, watu zaidi ya 30,000 wakafa. Kanisa likateketea. Baada ya vita mji uliamua usilijenge upya. Leo unatembea juu ya mawe palipokuwa na safu za waumini, mvua inakunyeshea, na kuta fupi zilizosalia zimekuzunguka. Chini, palipokuwa na chumba cha ardhini, pana makumbusho ya vita vile, na humo wameeleza pia jinsi Ujerumani yenyewe ilivyoipiga miji ya wengine kwanza.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nilikuwa nikifikiria Mtoni. Gofu la Hamburg limebaki gofu kwa sababu watu waliketi wakaamua. Lina maandishi, lina lifti ya kupandia mnarani, lina mtu wa kulifagia. La kwetu limebaki gofu kwa sababu hakuna aliyeamua lolote kwa miaka mingi, na kila masika jiwe moja moja linashuka. Mimi husomesha jiografia, wala si mtaalamu wa majengo, lakini nimekua nikiyatazama mawe yale kupitia dirisha la gari, na roho iliniuma kuona kwamba kuacha gofu kunaweza kuwa kazi inayofanywa kwa heshima.

Kutoka hapo si mbali kufika mtaa wa Große Reichenstraße. Nilikwenda kwa sababu ya jengo moja, Afrikahaus, lililojengwa 1899 kwa ajili ya kampuni ya Woermann, ya wafanyabiashara na wenye meli waliojitajirisha kwa biashara ya Afrika. Mlangoni pana sanamu ya shaba ya askari wa Kiafrika, na ndani uani wamewekwa tembo wawili. Geti lilikuwa limefungwa kwa kuwa ni Jumapili, nikabaki na yule askari tu. Nilimzunguka nikitafuta kama wameandika ni nani, na sikuona jina. Amesimama pale mvua na theluji zaidi ya miaka 120, analinda mlango wa watu, na hana jina.

Hapo ndipo nilipoanza kuiona Hamburg kwa jicho jingine. Sisi Unguja tumezoea kusimuliwa habari za meli zilizokuja kwetu. Hatusimuliwi zilikuwa zinarudi wapi. Zilikuwa zinarudi hapa. Kampuni ya O'Swald ya mji huu ilifungua duka Unguja mwaka 1849, ikachukua kete za pwani yetu ikazipeleka Afrika Magharibi, ambako watu walizitumia kama fedha. Mwaka 1859 Hamburg na miji wenzake wa Hansa, umoja wa kale wa miji ya biashara, walitiliana mkataba wa biashara na Sultani. Pembe za ndovu zilipita kwetu zikaja kuwa funguo za piano na mipira ya biliadi. Na ndiyo biashara hiyo hiyo iliyomleta Unguja kijana Heinrich Ruete, akapanga nyumba Mji Mkongwe, jirani na nyumba ya Salme. Wakaonana kutoka darini.

Maghala yenyewe yapo, yanaitwa Speicherstadt. Yalifunguliwa 1888 na kuendelea kujengwa hadi 1927, na kabla ya hapo maelfu ya watu waliokuwa wakiishi mahali hapo walihamishwa. Ni kilomita moja na nusu ya majengo marefu ya matofali mekundu, yamesimama juu ya nguzo za miti zilizopigwa katika tope, na mifereji inapita katikati. Upande mmoja wa kila ghala unatazama barabara, upande wa pili unatazama maji. Juu kabisa chini ya paa pana kapi: chombo kinafika chini, kamba inateremshwa, gunia linapanda orofa kwa orofa. Nilipoona kapi zile niliona pia zile za maghala yetu ya karafuu ya zamani, ndogo zaidi, ila ufundi ni mmoja. Mwaka 2015 UNESCO iliyaingiza maghala haya katika urithi wa dunia. Mji Mkongwe wetu uliingia mwaka 2000.

Nilikuwa na tamaa ya kitoto ya kusikia harufu ya karafuu. Sikuisikia. Harufu niliyoisikia ni ya kahawa, kutoka mkahawa unaochoma kahawa yake mwenyewe ndani ya ghala, na kwa kuwa chai ya asubuhi niliikosa, niliingia nikanywa vikombe viwili.

Mambo mengine niliyapita haraka. Ukumbi wa muziki, Elbphilharmonie, uliofunguliwa Januari 2017, nilipanda hadi kwenye ukumbi wake wa wazi, mita 37 juu, nikauona mto Elbe na winchi za bandari. Ni jengo zuri kweli, kioo kama wimbi kimewekwa juu ya ghala la zamani. Nikapanda boti ya abiria namba 62 kutoka gati la Landungsbrücken kwa tiketi ile ile ya siku, upepo ukanichoma masikio, meli za makontena zikapita kama mitaa inayotembea. Pale gatini nilikula mkate wao wa samaki: samaki wa heringi aliyelazwa katika siki, baridi, na vitunguu vibichi. Mtu wa pwani atauelewa. Siki na kitunguu ni vya kwetu, ila samaki baridi anahitaji moyo. Njiani nilisimama kutazama ramani juu ya njia ya baskeli bila kujua, kengele ikalia nyuma yangu na mama mmoja akapita akisema maneno makali. Zile njia huwa zimepakwa rangi nyingine au zimetengwa kwa mstari. Ni barabara kamili, tusizidhanie ni sehemu ya watembea kwa miguu.

Kufikia saa saba na nusu mchana nilifungua daftari. Kati ya kumi na mawili nilikuwa nimefanya manne. Nilikaa kwenye benchi la stesheni nikapiga mstari mmoja kuyafuta yote yaliyobaki, isipokuwa la chini kabisa. Nakiri palikuwa na uzito. Mtu anayetoka kwetu hajui kama atarudi Hamburg tena maishani, na kila unachokiacha unakiaga. Lakini nilijua kwamba nikiyafuata yale manane nitafika makaburini giza limeingia, au sitafika.

Kwanza nilikwenda kusali. Nyuma ya stesheni kuu, mtaa wa Böckmannstraße, pana msikiti wa Waturuki wenye minara miwili iliyopakwa nakshi za pembe sita za kijani na nyeupe. Nikajumuisha adhuhuri na alasiri kama msafiri. Mama mmoja wa Kituruki upande wa wanawake alinitazama miguu, akaona soksi zimerowa, akaniletea nyingine kavu kutoka mkobani mwake. Hatukuwa na lugha ya pamoja zaidi ya salamu na dua.

Kisha treni ya U1, kama nusu saa, mpaka Ohlsdorf.

Niseme wazi, sikuwa nimeelewa hekta 389 ni nini mpaka niliposimama langoni. Makaburi haya yana barabara, na katika barabara hizo hupita mabasi ya mji. Vituo vya basi vina majina ya makanisa madogo ya mazishi, kila kanisa na namba yake. Ni msitu, ni bustani, ni mji. Majani ya miti yalikuwa yamegeuka manjano na mekundu, yanaanguka bila sauti. Ofisi ya langoni ilikuwa imefungwa kwa ajili ya Jumapili. Kulikuwa na ubao wenye ramani kubwa iliyogawanywa miraba, na orodha ya watu mashuhuri na miraba yao. Nilipiga picha kwa simu, nikaanza kutembea, na baada ya dakika ishirini nilikuwa nimepotea kabisa.

Aliyeniokoa ni bibi mmoja mtu mzima sana, aliyekuwa akijaza maji kopo la kumwagilia kwenye bomba la pembeni. Alikuwa na Kiingereza kidogo, mimi nilikuwa na Kijerumani cha maneno kumi. Nilimwonyesha picha ya ramani na jina. Alilisoma, akafikiri, akaweka kopo chini, akaniashiria nimfuate. Tulitembea polepole kwa mwendo wake. Njiani akaniuliza, akinionyesha kidole mimi kisha mbele, kama huyo tunayemwendea ni ndugu yangu.

Hapo nilikosa jibu. Kusema ndiyo ni uongo. Kusema hapana nayo haikuwa kweli kamili. Nikatafuta neno la Kijerumani katika simu, nikamwambia: jirani. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa vizuri sana, akaendelea kutembea.

Amezikwa katika eneo la ukoo wa mume wake. Nilitarajia kitu kikubwa, au kitu kilichosahauliwa, na hakikuwa hiki wala kile. Ni jiwe miongoni mwa mawe, jina lake la Kijerumani, na maneno ya kusema kwamba aipendaye nchi yake kama wewe ni mwaminifu ndani kabisa ya nafsi. Yule bibi alisimama nami kidogo, akanigusa mkono, akarudi kwenye kopo lake.

Nilibaki peke yangu na yule jirani wa mama yangu. Nikamfikiria msichana aliyejifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu wanawake hawakufundishwa kuandika. Agosti 1866, akiwa na mimba ya Heinrich, alitoroka usiku kwa meli ya Waingereza hadi Aden. Mwaka uliofuata akabatizwa, akaolewa, akaletwa mji huu wa baridi asijue Kijerumani hata kidogo, na lugha yake na mumewe ilikuwa Kiswahili. Mwaka 1870 Heinrich alikanyagwa na tramu ya farasi akafa. Salme alikuwa hajatimiza miaka 26, ana watoto watatu, mdogo wao wa miezi michache. Nani alibaki wa kuzungumza naye Kiswahili hapa? Mimi nilikuwa nimekaa Denmark wiki sita tu, na kulikuwa na usiku nilizungumza peke yangu chumbani ili nisikie maneno.

Mwaka 1885 alirudi Unguja na meli za Kijerumani zilizokuja kumtisha ndugu yake, Sultani Sayyid Barghash, na Barghash hakukubali kumwona. Mwaka uliofuata alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani, na humo akautetea utumwa. Aliandika kwamba watumwa wa kwetu walikuwa na hali nzuri, na kwamba kuwakomboa kwa ghafla ni makosa. Kwa sababu ya maneno hayo, uwanja mdogo uliopewa jina lake mwaka 2019 katika mtaa wa Uhlenhorst, alikoishi na mumewe, ulinyang'anywa jina hilo muda mfupi baadaye. Naona walifanya haki. Jina la uwanja ni sifa, na sifa hiyo wazee wa bibi yangu wasingeitia saini. Naona pia ni haki kwamba kaburi linafagiliwa.

Nilitaka kumwamkia, na ndipo nilipokwama. Mtu mzima kama yule, kwa adabu tuliyolelewa, huamkiwa shikamoo. Neno lilifika mdomoni likasita. Wazee wetu hutuambia kwamba shikamoo ni kushika miguu, na nilimwona bibi yangu, na nyuma yake watu wa mikarafuu ambao majina yao hatuna, na miguu waliyoishika. Sikulitoa. Wala sikutaka kuondoka bila neno, maana alikufa Februari 1924 mbali na bahari, na kutoka kwetu mpaka hapo ni mbali kwa mtu kuja kunyamaza.

Basi nilipiga hodi. Nikamwambia kwa sauti, kwa Kiswahili, kwamba natoka Bububu. Kwamba jumba la Mtoni limebaki kuta, na mto bado una maji. Kwamba gari zinapita pale siku nzima, na kwamba katika makumbusho ya Forodhani aliwekewa chumba chake. Kisha nikamtajia jina la bibi yangu, jina lake na la mama yake, yote mawili, polepole, kama unavyomtajia mtu ambaye anapaswa kulijua. Nikakaa kimya. Jani lilianguka juu ya jiwe, nikaliacha.

Kwenye kurudi nilifanya kosa ambalo ningeweza kuliepuka kwa kufikiri kidogo tu. Ohlsdorf ni stesheni ya mwisho kabla ya uwanja wa ndege. Dakika chache tu. Ningelikuja na begi langu, ningelikuwa nimeshafika. Lakini begi lilikuwa limefungiwa stesheni kuu, kwa hivyo nilirudi mjini nusu saa, nikalichukua, nikanunua zile chokoleti, nikapanda S1 ya uwanja wa ndege. Na hapo nikapata jambo la pili. Treni hiyo hukatwa vipande viwili pale pale Ohlsdorf: mabehewa ya mbele yanakwenda uwanja wa ndege, ya nyuma yanakwenda Poppenbüttel. Hutangazwa, na huandikwa, ila mimi nilikuwa nimesinzia nyuma kabisa na begi mapajani. Nilizinduka treni ikiwa imeshaondoka, nikaona miti mahali nilipotegemea kuona ndege. Msichana aliyekaa mbele yangu alinitazama mara moja tu akajua. Akaniteremsha kituo kinachofuata, akanipeleka upande wa pili, akasimama nami mpaka treni ya kurudi ilipokuja, ilhali yake ya kwendea kwake ilikuwa imeshampita. Nilifika uwanjani zikiwa zimebaki saa mbili na nusu ndege iondoke. Anayekwenda huko apande mabehewa matatu ya mbele, asilale.

Nilipomaliza ukaguzi nilimpigia mama. Unguja ilikuwa usiku, ameshasali isha, yuko barazani.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Kaburi limetunzwa?"

"Limetunzwa. Wanamwagilia maji."

"Umemwamkia?"

Nikamweleza jinsi ilivyokuwa. Alinisikiliza bila kunikatiza, na nikasikia nyuma yake gari likipita barabarani kuelekea mjini.

"Na bibi yako," akauliza, "ulimtaja?"

"Nilimtaja. Yeye na mama yake."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mama."

Akanyamaza muda.

"Haya, njoo nyumbani," akasema. "Kesho nitakwenda kumzuru bibi yako, nimwambie."